Dagaa Wasio na Vichwa

1

"Simama wima, Nyangeta. Visigino viguse ukuta."

Mjukuu wangu alisimama kama nilivyomwagiza. Mwali wa mlango wa kupimia mifupa ulishuka polepole kutoka utosini hadi nyayoni mwake, ukivuma kama nyuki walio mbali, nami nikasubiri namba. Nilikuwa nimevaa koti jeusi na tai, kama nilivyovaa kila siku ya upimaji kwa miaka ishirini na miwili. Anayepimwa anastahili kupimwa na mtu aliyejitayarisha.

Namba ilikuwa sitini na moja.

Nilimwambia ashuke, apumue, apande tena. Ikawa sitini na moja.

"Mashine yako imezeeka, Babu," alisema akicheka. "Imemfuata mwenyewe."

"Mashine haizeeki. Huharibika, na hii haijaharibika. Niliikagua asubuhi."

"Basi niliyezeeka ni mimi."

Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Begi lake lilikuwa limefungwa tangu juma lililotangulia. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha utabibu huko Duniani, na yeye na wenzake kumi na mmoja wangekuwa watoto wa kwanza waliozaliwa hapa Ukingo, kwenye makazi yetu ya Mwezini, kushuka kwenye sayari ya wazee wao. Chombo kilikuwa kinafika baada ya siku tisa. Nilikuwa nimeamuru apimwe wa kwanza, mbele ya wenzake, ili asiwepo wa kunong'ona kwamba Mkuu wa Vipimo alimficha mjukuu wake nyuma ya foleni.

Sheria ya kushuka ilikuwa fupi. Aliye chini ya themanini hashuki, kwa maana nyonga na uti wa mgongo wake havitastahimili kishindo cha kushuka wala uzito wa Dunia baada yake. Chini ya sheria hiyo paliandikwa: hakuna rufaa, hakuna upendeleo, hakuna jina kubwa. Niliiandika mimi, kwa wino, na mwandiko wangu ulitundikwa ukutani nyuma ya mlango wa kupimia, mahali ambapo Nyangeta, akiwa amesimama wima, alikuwa ameupa mgongo.

"Sema basi, nimepata ngapi?"

"Subiri wenzako wapimwe."

Alinitazama usoni, na kicheko kikamwisha. Ananijua. Angekuwa amefaulu ningemtajia namba palepale, kwa sauti ambayo wenzake wote wangeisikia.

Niliwapima wote kumi na wawili kabla ya chakula cha mchana. Aliyewazidi wote alipata sitini na nane. Walipoondoka nilifunga chumba, nikavua koti, nikapanda mlangoni mwenyewe. Mimi Sospeter Magesa, mzee wa miaka sabini na moja, niliyekulia kando ya Ziwa Viktoria na kuja huku nikiwa mtu mzima, nilipata themanini na nne.

2

Nilianza kwa kushuku kila kitu isipokuwa nafsi yangu.

Nililishuku Gurudumu kwanza. Mwezini uzito wa mtu ni sehemu moja ya sita ya uzito wake wa Duniani, na mfupa usiobebeshwa mzigo husahau kazi yake. Kwa sababu hiyo kila mkazi wa Ukingo hulala na kufanya mazoezi ndani ya Gurudumu, jengo la duara linalozunguka kwa kasi kiasi kwamba aliyemo ndani hubeba uzito wake wote. Nilifungua kumbukumbu za mzunguko. Kwa miaka ishirini na miwili Gurudumu halikusimama hata mara moja, na vijana wale walilala humo tangu siku ya kuzaliwa. Nikazishuku taa zinazoipa ngozi vitamini D ambayo jua la Duniani hutoa bure. Taa zilikuwa sawa.

Kilichobaki kilikuwa chakula, na chakula kilikuwa changu.

Jedwali la Mlo la Ukingo nililitunga mimi. Nilikuwa nimefundisha kemia miaka kumi na minane, na niliitwa huku kwa ajili ya kazi hiyo. Jedwali lile lilijengwa juu ya jambo moja ambalo wanafunzi wangu walilikariri hadi wakalichukia: mfupa si jiwe, mfupa ni ghala. Ugumu wake unatokana na kalsiamu na fosforasi zikiwa zimeshikamana. Kalsiamu ikipungua katika damu, tezi nne ndogo za shingoni hutoa amri, na ghala hufunguliwa ili moyo na misuli vipate kufanya kazi. Mtu akila fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, amri hiyo hutolewa kila siku, kimyakimya, bila maumivu. Mtoto hurefuka, hucheka, hucheza, na ndani ghala linahamishwa. Akiba ya mfupa hujengwa hadi kufikia miaka ishirini hivi. Baada ya hapo mtu hulinda alichonacho.

Hatukupungukiwa na fosforasi. Udongo tuliosaga hapa ili kuotesha maharage umejaa fosforasi, na nyama ya kopo inayoletwa kutoka Duniani huhifadhiwa kwa chumvi zake. Nilijua hayo yote. Kwa hiyo nilitafuta chakula chenye kalsiamu ya kutosha kusawazisha mizani, nikakipata katika kitu nilichokula utotoni: dagaa. Tuliwafuga kwenye matangi, tukawakuza hadi wakawa na urefu wa kidole. Gramu themanini kila siku kwa kila mtoto. Kwa hesabu zangu zilitosha na kubaki.

Nilirudia hesabu mara tatu, na mara zote zilitosha. Ndipo nikaenda jikoni.

Sikuwahi kuingia jikoni pa Ukingo. Nililelewa hivyo: mwanamume hupakuliwa, hafunui vyungu. Bi Perusi Wandiba, mpishi mkuu, binamu wa marehemu mke wangu, aliniona mlangoni akaweka kisu chini.

"Shemeji, umepotea? Ukumbi wa kulia uko upande wa pili."

"Nimekuja kuona chakula kinavyoandaliwa."

"Baada ya miaka ishirini na miwili." Aliwageukia wanawake waliokuwa wameketi kuizunguka meza. "Jamani, sogeeni, mkaguzi wa harusi amefika na bibi harusi ana wajukuu."

Walicheka, kisha wakaendelea na kazi yao. Walikuwa wanachambua dagaa. Mmoja alishika kichwa kwa kidole gumba na cha shahada, akavuta mara moja, na kichwa kikatoka pamoja na mfupa wote wa mgongo, kama uzi unavyochomoka kwenye shanga. Mnofu aliuweka kwenye sinia. Kichwa na mfupa alivitupa kwenye beseni. Beseni lilikuwa limejaa.

Nadhani nilisimama muda mrefu, maana Perusi aliniletea kigoda.

"Hivi vinakwenda wapi?" nilimwuliza.

"Kwenye bustani ya uyoga. Hatutupi kitu sisi. Umeona uyoga wetu ulivyo mnene?"

"Mmekuwa mkifanya hivi tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Siku ipi?"

Alifuta mikono kwenye kanga yake, na utani ukamtoka usoni. "Kweli hukumbuki? Karamu ya kwanza, wageni wote wamekaa. Nilikupakulia mwenyewe, dagaa wazima kama wa kwetu. Ukaisukuma sahani. Ukasema, watu wote wanasikia, 'Sikusafiri hadi Mwezini nije kula vichwa vya samaki kama paka.' Nilitamani ardhi inimeze, na huku chini ni chuma. Tangu siku hiyo hakuna kichwa kilichotoka jikoni humu."

"Jedwali lilisema dagaa gramu themanini."

"Na tukapima gramu themanini. Wasafi, hawana mwiba. Hata siku moja hatukupunja."

"Hamkuniambia mmebadilisha."

"Akuambie nani, Shemeji? Ulikuwa huulizwi wewe. Swali ulikuwa unauliza mwenyewe, na jibu unatoa mwenyewe." Akasita, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani kuna ubaya gani? Tulitaka kukuridhisha."

Kalsiamu ya dagaa imo katika mifupa na vichwa vyao. Mnofu una fosforasi. Kwa miaka ishirini na miwili tuliulisha uyoga kalsiamu, na watoto tukawaongezea kile walichokuwa nacho tele.

Niliinuka, nikamshukuru kwa kigoda.

3

Msimamizi wa Ukingo, Bwana Shangali, aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika shavu. Kisha alikwenda kufunga mlango, ingawa hapakuwa na mtu nje.

"Mwalimu, hawashuki. Hilo tumekubaliana?"

"Sheria imeamua."

"Basi swali ni sababu tutakayowapa. Naomba tuwaambie ni Mwezi. Waliozaliwa huku mifupa yao iko hivyo. Kila mtu ataelewa, hakuna atakayeulizwa kitu, na jikoni tutarekebisha bila kelele. Wadogo watapona."

"Gurudumu linawabebesha uzito wao wote. Sababu hiyo ni ya uongo."

"Ni ya uongo, ndiyo. Lakini haimvunji mtu." Aliinamisha kichwa. "Bi Perusi amelea nusu ya watoto hawa. Ukisema ukweli, kesho nani atakula kwa mikono yake? Na wewe je? Watoto wanaapa kwa jina lako hapa."

Alisema mambo yote kwa heshima, na kila neno lilikuwa na akili. Hilo ndilo lililonitia uchungu, kwamba nilikuwa nimemfundisha vizuri. Nilimwambia nitamletea ripoti yangu baada ya siku tatu, nami nikaondoka bila kumwambia itasema nini, kwa sababu sikuwa na hakika.

Nyangeta alikuwa ananisubiri chumbani kwangu. Alikuwa ameketi kwenye kiti changu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Bibi Perusi ameniambia ya vichwa vya dagaa, mengine tumeyajumlisha wenyewe," alisema. "Analia. Nimemwachia kitambaa."

"Hana kosa."

"Najua asiye na kosa. Nimepata ngapi?"

"Sitini na moja."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayethibitisha alichokwisha kukisoma. "Andika themanini na moja."

"Nyangeta."

"Ni mkunjo mmoja wa kalamu, Babu. Sita unaifunga juu, inakuwa nane. Mkono wako hautetemeki bado."

"Chombo kinaposhuka, kila aliye ndani hubebeshwa mara nne ya uzito wa Dunia. Kwa mfupa wako, katika wawili mmoja huvunjika uti wa mgongo kabla ya kufika."

"Basi katika wawili mmoja hufika."

"Hiyo si hesabu ya mtu mwenye akili."

"Ni hesabu ya mtu mwenye miaka kumi na tisa ambaye hatajenga tena mfupa. Umenifundisha mwenyewe, hadi miaka ishirini hivi, kisha ghala limefungwa. Nikikaa huku mwaka mmoja nitafika themanini? Sema."

Nilifungua fundo la tai yangu.

"Nitakwenda nimelala, kama mgonjwa. Kule wana vitanda, wana viti vya magurudumu. Nitasoma nikiwa nimekaa. Mgonjwa hamwulizi daktari kama anaweza kuruka kamba. Na nikivunjika, nitakuwa nimevunjika njiani nikienda mahali. Mifupa ni yangu."

"Sheria haikutungwa kwa ajili ya—"

"Sheria uliiandika wewe. Jedwali uliliandika wewe. Nilipokuwa na miaka tisa nikavunjika mkono kwenye ngazi, uliandika kwenye daftari la zahanati neno moja: utundu. Nikakatazwa ngazi mwaka mzima. Mwaka huohuo walivunjika wengine wawili, nao ukawaandika watundu. Kila ninapogeuka, Babu, nakutana na mwandiko wako."

Nililelewa katika shule ambayo mtoto hakumtazama mzee machoni. Nyangeta alinitazama, na macho yaliyoinama yalikuwa yangu.

Alipoondoka niliweka karatasi mezani. Nataka niandike hapa bila kujipamba: niliishika kalamu juu ya namba ile nikakaribia kuifunga. Nilijiuliza kama mtu aliyemwibia mtoto miguu ana haki ya kumkataza kutambaa. Nilijiuliza pia, na swali hili lilikuwa chafu zaidi, kama ninashikilia sheria kwa sababu ni ya haki au kwa sababu ndicho kitu pekee changu kilichobaki kimenyooka. Sikupata jibu la swali la kwanza. La pili nililipata, na halikunipendeza.

Hata hivyo niliiacha sitini na moja kama ilivyokuwa. Ningeigeuza kwa ajili yake, ningelazimika kuwageuzia na wale kumi na mmoja, na nusu yao ningewaua kwa kalamu ileile niliyowadhoofisha nayo.

Kisha nikaandika ripoti.

4

Niliisoma nimesimama, mbele ya watu mia tatu na arobaini, katika ukumbi wa kulia. Sikuisoma kwa ufupi. Nilieleza ghala na tezi, maharage na makopo. Nilieleza karamu ya kwanza na maneno niliyoyasema kuhusu paka, neno kwa neno, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa chanzo. Nilisema kwamba wapishi walitii jedwali lililoandikwa vibaya na mtu aliyeona haya kuingia jikoni, na kwamba atakayemnyooshea kidole Bi Perusi au wenzake atakuwa ananitukana mimi. Nilitaja namba za vijana wote kumi na wawili baada ya kuwaomba ruhusa. Nikasema ni yupi mjukuu wangu.

Nilisema pia kinachopaswa kufanyika. Kuanzia siku hiyo vichwa na mifupa ya dagaa vingekaushwa, vingesagwa, na unga wake kutiwa kwenye uji wa watoto wote. Nyama ya kopo ingetolewa mara moja tu kwa juma. Walio chini ya miaka kumi wangeweza kufika themanini. Walio kati ya kumi na kumi na tano, baadhi yao. Waliozidi hapo, sikuwaahidi kitu.

Mwisho nilijiuzulu. Nilikunja karatasi nikasubiri hasira yao. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilikuwa, naona sasa, nikiitamani.

Badala yake Shangali akainuka mahali pake, macho yamemlowa.

"Ni wangapi kati yetu wangesimama pale?" alisema. "Hebu tuulizane. Mtu angeweza kunyamaza. Huyu hakunyamaza. Ndugu zangu, huyu ndiye mtu mwadilifu."

Akaanza kupiga makofi. Wakamfuata, mmoja mmoja, kisha wote. Baba wa kijana aliyepata hamsini na tisa alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mtu fulani akapendekeza unga ule uitwe Unga wa Magesa. Nilikataa kwa ukali, wakasema, mnaona, hata unyenyekevu anao. Kujiuzulu kwangu walikukataa kwa kauli moja.

Nyangeta hakupiga makofi. Alipita katikati ya viti hadi mbele, kwa mwendo ule mrefu mwepesi wa watoto wa Mwezini, na watu wakampisha wakidhani anakuja kunikumbatia.

"Hongera, Babu," alisema taratibu, sauti yake ikinifikia mimi peke yangu. "Hata kwa hili umejipatia heshima."

Alitoka kwa mlango wa jikoni.

Chombo kilifika siku iliyopangwa. Rubani, kijana kutoka Duniani mwenye shingo nene, alinieleza kwamba viti kumi na viwili haviwezi kwenda vitupu. Chombo kimesawazishwa kwa uzito wa abiria, na abiria wasipokuwepo lazima kiwekwe kitu mahali pao. Kanuni ilitaka kila mzigo utiwe saini na Mkuu wa Vipimo.

Wafanyakazi wa machimbo walileta magunia kumi na mawili ya jiwe jeupe la huku. Jiwe hilo lina kalsiamu kuliko chakula chochote nilichowahi kukiorodhesha, ila limeishika ndani yake kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Niliyapima moja baada ya jingine. Kiti cha tatu, kilichokuwa cha Nyangeta, kilihitaji kilo hamsini na mbili. Gunia lake lilizidi kidogo, nikatoa mawe mawili kwa mkono wangu hadi likawa sawasawa.

"Tayari, Mzee?" aliuliza rubani.

Nilikagua mikanda. Nilitia saini mara kumi na mbili, kwa mwandiko ulionyooka. Magunia yote yalikuwa yamefaulu.